Jaketi la Sponji

Fundi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja wake. Nguo haitoki dukani mpaka aivute. Akimaliza kushona, anashika mshono kwa mikono miwili, anavuta, kisha anasikiliza. Uzi ukilia, nguo inarudi kwenye cherehani. Mteja aliyesimama mlangoni akiangalia saa, shauri yake.

"Wewe Fundi, unashona suruali au unashona mkokoteni?" jirani yake Kinyozi alimuuliza siku moja. Maduka yao yalitenganishwa na ukuta wa mbao, na Kinyozi aliongea kupitia ukuta huo kutwa nzima, mashine ya kunyolea mkononi.

"Nashona kitu cha kukaa," Fundi alijibu. "Wewe ukikosea, zinaota tena. Mimi nikikosea, kitambaa hakioti."

Ndani ya duka kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kwenye kona lundo la sponji za kutengenezea mito ya makochi. Nyuma ya pazia ndipo familia ilipokaa. Mkewe alishona vifungo na kupiga pasi. Binti yao wa pekee alikuwa na miaka kumi na sita. Walimwita Chiriku, kwa sababu akianza kuongea hafungi mdomo mpaka apewe chakula. Akitoka shule alikaa juu ya lile lundo la sponji na kusimulia habari za siku nzima.

Wiki hiyo alikuja na habari moja tu.

"Baba, kuna klabu bwawani! Wanateleza juu ya maji. Unavaa mbao mbili miguuni, unashika kamba, boti inakuvuta, unainuka. Unasimama juu ya maji, baba, kama ulivyokaa hapo!"

Fundi akaacha kukanyaga cherehani.

"Bwawa lipi?"

"Hilihili letu. Ofisi ya maji imewafungulia geti kila Jumamosi. Yupo mama mmoja anayefundisha, wanamwita Nahodha. Yeye..."

"Hapana."

"Baba, sijamaliza."

"Umemaliza."

Mkewe akaweka pasi chini polepole. Miaka mitatu nyuma, mdogo wa kiume wa mkewe Fundi alipita kwenye tundu la uzio akaenda bwawani kuosha pikipiki. Pale mahali maji ni ya magotini, halafu ghafla yanakuwa ya kumfunika mtu. Aliteleza. Hakujua kuogelea. Walimtoa siku ya pili. Baada ya msiba ofisi ya maji iliongeza waya kwenye uzio, na watu wakaongeza matundu. Nyumbani kwa Fundi, neno bwawa halikutajwa tena.

Chiriku alipotoka nje, mkewe Fundi ndiye aliyeanza.

"Baba Chiriku, mdogo wangu hakuna aliyewahi kumfundisha. Hata siku moja. Mtoto anaomba afundishwe, unamkatalia."

"Unataka tuzike tena?"

"Sitaki. Ndiyo maana nasema afundishwe."

Fundi alivuta mshono wa gauni uliokuwa tayari umeshapita.

Siku tatu Chiriku hakukaa juu ya lundo la sponji. Alikuja, akasalimia, akaingia ndani. "Shikamoo baba." "Marahaba." Basi. Kinyozi aliugua ule ukimya kuliko mtu yeyote. "Redio yenu imeharibika?" aliuliza kupitia ukuta. Fundi hakucheka. Siku ya nne alimwita binti yake.

"Hao watu wa klabu wanavaa nini wakianguka?"

Chiriku akakaa, kwa uangalifu kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. "Jaketi la kuokolea, baba. Bila jaketi huingii majini. Lakini klabu ina majaketi manne tu na wanafunzi tisa. Wengine wanasubiri zamu."

"Jaketi hilo lina nini ndani?"

"Kitu kinachoelea."

Fundi akatazama kona. Alikata kipande cha sponji, akakitupa kwenye ndoo ya maji. Kikaelea. Akakizamisha kwa kiganja, akaachia. Kikaruka juu.

"Kumbe ni hivi tu," alisema. "Basi utakwenda. Lakini utavaa mshono wangu. Sitaki kusikia umevaa jaketi la kupokezana lililoshonwa na mtu nisiyemjua."

Alilishona kwa siku mbili. Nje turubai, ndani sponji nene ya makochi, mishono yote mara mbili. Kifuani aliweka kamba sita za kitambaa za kufunga. Alipolivuta, uzi haukulia hata kidogo. Kinyozi alipoliona alipiga mluzi.

"Fundi, hili hata mimi nikilivaa nitaelea, na kitambi changu hiki. Mshonee na binti yangu. Yeye na Chiriku ni damdam, huyu akienda bwawani yule atabaki?"

Akamshonea. Binti wa Kinyozi alilichukua Ijumaa jioni, akalivaa palepale, akaondoka nalo kifuani.

Jumamosi asubuhi Fundi alimsindikiza Chiriku. Getini walikuta mlinzi na daftari la majina. Chini ya geti kulikuwa na mteremko wa saruji ulioingia majini, boti moja nyeupe, na maboya mekundu yaliyoonyesha mwisho wa kina kifupi. Fundi alisimama hatua kumi kutoka kwenye maji. Hapo alipofika palimtosha.

Nahodha alikuwa mama wa makamo, kofia kichwani, filimbi shingoni. Kabla ya klabu alikuwa mwendesha pampu wa ofisi ya maji, na bwawa lile alilijua kama mtu anavyojua jiko lake. Alilichukua jaketi la Chiriku, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kazi safi. Nani kashona?"

"Mimi," Fundi akajibu kutoka pale alipokuwa.

"Ndani kuna nini, kaka?"

"Sponji. Ya makochi, ile nzito. Nimeijaribu kwenye ndoo."

Nahodha akalibonyeza kwa kidole gumba. "Sawa. Hapa kwetu jaketi linaingia majini kwanza, mtu baadaye."

"Dada, mimi nina miaka ishirini kwenye cherehani."

"Nakuamini. Mshono wako sina wasiwasi nao."

Palikuwa na pipa kubwa limejaa maji. Nahodha alifunga mfuko wa mchanga chini ya jaketi, akalitumbukiza. Likaelea, na mchanga wake ukining'inia. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Si nilisema?"

"Umesema. Sasa tusubiri nusu saa."

"Nusu saa? Si limeshaelea?"

"Kaka, mtu akianguka sio lazima boti ifike papo hapo. Injini inaweza kuzima. Jaketi linatakiwa lisichoke kabla ya mtu kuokolewa."

Wakati wa kusubiri, alimfundisha Chiriku palepale kwenye saruji. Alimwambia achuchumae, magoti karibu na kifua, mikono imenyooka, mpini wa kamba mikononi. Yeye akashika upande wa pili.

"Usivute kamba. Kila mgeni anataka kuivuta, halafu anaangukia kisogo. Wewe kaa kama unakaa kwenye kigoda. Boti ndiyo ikuinue."

Akavuta. Chiriku akainuka, akayumba, akasimama.

"Tena. Ukianguka majini, unafanya nini?"

"Nashikilia kamba?"

"Unaachia! Boti itakuburuta. Unaachia, halafu unanyanyua mkono juu. Mkono ukiwa juu, tunajua u mzima. Mkono usipoonekana, tunakuja mbio."

Fundi alikuwa akisikiliza huku macho yakiwa kwenye pipa. Mwanzoni jaketi lilikuwa limekaa juu kama kifuniko. Baadaye mabega yake yakawa sawasawa na maji. Alidhani macho yanamdanganya. Alisogea hatua mbili, halafu nne. Alipofika penyewe, juu ya pipa hapakuwa na kitu. Alitazama ndani. Jaketi lilikuwa limelala chini, juu ya mchanga, na turubai lake likitoa viputo vya mwisho.

Aliingiza mikono miwili akalitoa. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Maji yalimwagika kwenye mishono yake, mstari kwa mstari, kila mahali sindano ilipopita.

"Sponji hii ina vitundu vilivyo wazi," Nahodha alisema taratibu. "Mwanzoni vimejaa hewa, ndiyo maana inaelea. Maji yakipata nafasi yanaitoa hewa yanakaa yenyewe. Turubai lingeyazuia, lakini kila sindano yako imeacha mlango. Ukiijaribu dakika moja kwenye ndoo, inakudanganya."

"Nikitumia ile ya ndala? Ile hainywi maji."

"Ile ina vitundu vilivyofungwa, ni kweli. Hata hivyo hatubahatishi. Tunavaa jaketi lililotengenezwa kwa kazi hii na kupimwa, limeandikwa kwa ndani linabeba mtu wa uzito gani. La kubuni, hata liwe zuri vipi, haliingii majini na mtu." Akamtazama usoni. "Umeshona mangapi?"

"Mawili."

"Jingine liko wapi?"

Chiriku akadondosha mpini. "Baba... binti wa Kinyozi analo. Alisema hatakuja getini. Alisema ana jaketi lake sasa, foleni ya nini. Amekwenda kujizoeza kule kwenye tundu."

Ni kule shemeji yake Fundi alikozama. Hakuna aliyelazimika kumuuliza tundu gani.

"Unapajua?" Nahodha alikuwa tayari anakimbilia boti.

"Napajua."

"Basi panda."

Fundi hakuwahi kukanyaga boti maishani mwake. Baadaye hakukumbuka alipandaje. Alikumbuka tu kwamba Nahodha alimvisha jaketi la klabu, akalibana vifungo vitatu, tap, tap, tap, akamwambia, "Kaa chini. Tazama mbele. Ukimwona, nyoosha kidole na usikitoe."

Walizunguka kona ya matete. Fundi alinyoosha kidole.

Binti wa Kinyozi alikuwa ameng'ang'ania bomba la zamani la pampu lililotokeza majini. Kichwa tu ndicho kilichoonekana, kidevu kikiwa sawa na maji. Alikuwa hapigi kelele. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Jaketi lilikuwa linamvuta chini na mikono ilikuwa imechoka.

Nahodha alipunguza mwendo, akasogea polepole, akazima injini kabla hajamfikia. "Mwanangu, usiachie bomba mpaka nikushike." Akamshika mkono. Fundi akashika mwingine. Wakavuta. Hakuinuka. Zile kilo zote za maji zilikuwa kifuani mwake.

"Mvue jaketi," Nahodha alisema.

Fundi akainama. Kamba zake sita za kitambaa zilikuwa zimelowa na kukaza, mafundo yamekuwa kama mawe. Alijaribu la kwanza, kucha ikavunjika. Mfukoni mwa shati alikuwa na kiwembe cha kufumulia, hakuwahi kutoka bila hicho. Akakata kamba ya kwanza. Ya pili. Alikata zote sita, kisha akachana mabega, mishono ile ile aliyoishona mara mbili. Alikuwa amefanya kazi nzuri, kwa hiyo ilichukua muda. Msichana alimtazama usoni muda wote huo.

Jaketi likatoka, likazama peke yake. Wakamwinua.

Ndani ya boti alitapika maji kidogo, akaanza kulia. Fundi alimfunika kwa shati lake. Walirudi mpaka getini. Nahodha alimpeleka zahanati akaangaliwe, kwa sababu maji yakishaingia kifuani hayaaminiki hata mtu akitembea mwenyewe.

Fundi alikwenda dukani kwa Kinyozi, kifua kikiwa na fulana tu. Mteja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Binti yako ni mzima," alianzia hapo. "Yuko zahanati na Nahodha, na Chiriku yupo naye. Jaketi nililomshonea lilikunywa maji. Lilikuwa linamzamisha. Kosa ni langu."

Kinyozi akazima mashine. Alikwenda kwanza zahanati, akamwacha mteja na kichwa chake. Aliporudi alasiri alimkuta Fundi amekaa nje, cherehani imefunikwa.

"Ungeninyamazia nisingejua," Kinyozi alisema. "Mtoto mwenyewe anasema uliruka ukamtoa. Anakuita shujaa."

"Mimi si shujaa. Mimi ndiye niliyemtia hatarini."

"Wewe ulishona. Mimi niliomba. Yeye alipita kwenye tundu." Akakaa kando yake. "Na lile tundu, Fundi, tumelipita sote. Mimi mwenyewe nimelipanua."

Mkewe Fundi alitoka na chai, akaweka vikombe viwili katikati yao. Alikuwa amelia. "Mtaliziba lini?" aliuliza.

Waliliziba Jumapili, wao wawili na majirani saba. Lakini Nahodha alipokuja kuona alitikisa kichwa. "Mkiziba bila kufungua mlango, watu watatoboa pengine. Watu wanataka maji. Joto likizidi hawakuombi ruhusa. Wapeni mahali palipo salama, penye mtu wa kuwaangalia, ndipo watakapoacha matundu."

Hivyo Fundi, Kinyozi na Nahodha walikwenda ofisi ya maji pamoja. Fundi ndiye aliyeeleza. Hakuficha kitu, wala jina la shemeji yake aliyekufa, wala sponji. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Geti likaongezewa siku nyingine ya kufunguliwa, Jumatano. Ofisi iliweka maboya mapya na ubao wa masharti kwa maandishi makubwa. Klabu nayo iliandikia chama cha michezo ya majini, na miezi miwili baadaye wakaletewa majaketi kumi na sita yaliyopimwa, ya wakubwa na wadogo.

Wakati wanasubiri hayo, hawakufunga klabu. Majaketi manne, watu wanne majini, wasizidi. Waliobaki walikuwa kwenye saruji wakijifunza kuchuchumaa, kuachia kamba, kunyanyua mkono. Wengine walijifunza kuelea kwenye kina cha kiuno, jaketi likiwafikia kwa zamu. Hakuna aliyekaa bure, kwa hiyo hakuna aliyekata tamaa.

Na Fundi akapewa kazi. Hakushona tena jaketi. Alikuwa mkaguzi. Kila Jumamosi aliyapanga majaketi kwenye mkeka, akayavuta mishono, akafunga na kufungua kila kifungo. Lililochanika au lililopauka kwa jua aliliweka kando. Kisha alipima watu. Alimvisha mwanafunzi, akambana, akalivuta kwa juu mabegani.

"Likipanda mpaka masikioni, si lako," aliwaambia. "Majini litakuvuka. Lete jingine. Hapana, mama, sijasema umenenepa. Nimesema lete jingine."

Mama huyo alikuwa mkewe. Alishuka mteremko ule siku hiyo kwa mara ya kwanza, akaingia hadi kifuani, akalala chali juu ya maji akitazama juu, machozi yakimtiririka pembeni. Fundi alisimama naye, maji magotini, mpaka alipotaka kutoka.

Ilipotimia miezi minane, daftari la mlinzi lilikuwa na majina arobaini na matatu. Walikuwemo wauza duka, mafundi wa baiskeli, walimu wawili, na binti wa Kinyozi, aliyekaa wiki sita bila kutaka hata kuoga kwenye beseni kubwa, kisha akarudi mwenyewe akasema nipimeni. Tangu geti lifunguliwe mara mbili kwa wiki, hakuna aliyeonekana upande wa matete.

Chiriku alikuwa bado hajavutwa na boti. Nahodha alisema yuko tayari tangu mwezi wa pili. Aliyekuwa hayuko tayari alijulikana, na hakuna aliyemsukuma.

Jumamosi moja Nahodha alimwambia Fundi, "Boti haiondoki na mtu mmoja. Dereva anatazama mbele. Lazima awepo mwangalizi anayetazama nyuma, anayemwona anayevutwa muda wote. Mwangalizi akisema simama, nasimama. Akisema nenda, naenda. Leo mwangalizi wangu anaumwa."

Fundi alimwelewa. Alivaa jaketi, akakaa kiti cha nyuma.

Chiriku alikuwa majini, ncha za mbao zimetokeza, kamba mikononi. Fundi alikuwa amemfunga mwenyewe vifungo vile vitatu. Alitazama nyuma. "Nenda," alisema, na sauti ikatoka.

Kamba ikakaza. Chiriku akakaa kama kwenye kigoda, maji yakamfunika kifua, halafu akainuka. Magoti yakatetemeka. Akasimama. Ufukweni watu wakapiga kelele, na Kinyozi alisikika kuwapita wote. Fundi hakupiga kelele. Yeye alikuwa anasubiri Chiriku aanguke.

Alianguka kwenye kona ya kwanza. Mbao moja iliruka upande, kamba ikamtoka mikononi, maji yakamfunika.

"Ameanguka. Simama," Fundi alisema.

Boti ikapunguza mwendo, ikageuka. Fundi hakupepesa. Palikuwa na povu tu. Kisha jaketi lilimrudisha juu, kifua kwanza, uso ukitazama mbingu, na mkono ukanyanyuka.

Nahodha alisogea taratibu, akazima injini. Kukawa kimya kabisa juu ya maji. Chiriku alikuwa anakohoa, nywele zimemganda usoni, anasema kitu ambacho hakieleweki kwa meno kugongana.

"Anasemaje?" Nahodha aliuliza bila kugeuka. "Mimi natazama mbele."

Fundi alimtazama binti yake. Alitazama vifungo, kimoja, viwili, vitatu. Alitazama kidevu, kilikuwa juu ya maji na kilikaa hapo bila yeye kukishikilia.

"Anasema, 'Tena!'"

"Na mwangalizi anasemaje?"

Fundi alichukua mpini uliokuwa ukielea kando ya boti, akauvuta, akaunyoosha mkono mpaka ukamfikia mtoto.

"Mwangalizi anasema ashike kamba."